Deni la Shayiri: Babeli na Athens Zilivyomtazama Mdaiwa

Wanafunzi wengi wanaofika idara yetu ya historia huamini kwamba Mesopotamia ilikuwa nchi ya wafalme wakali, na Ugiriki ndiyo chimbuko la uhuru. Hawajakosea kabisa. Lakini fuatilia jambo moja tu, deni, uone.

Mfalme Hammurabi alitawala Babeli, huko Mesopotamia, katika Iraq ya leo, takriban mwaka 1792 hadi 1750 KK. Sheria zake zilichongwa kwenye nguzo ya jiwe jeusi yenye kimo cha zaidi ya mita 2, ambayo sasa imehifadhiwa katika makumbusho ya Louvre, Paris. Juu yake mfalme amesimama mbele ya Shamash, mungu wa jua na haki. Kifungu cha 48 kinamhusu mkulima mwenye deni: mafuriko yakisomba shamba lake, au maji yakikosekana nafaka isiote, mwaka huo hatampa mdai wake nafaka wala riba, na bamba la udongo lenye mkataba litaloweshwa. Udongo usiochomwa hulainika ukipata maji, hivyo maandishi yake yaliweza kubadilishwa. Kifungu cha 117 kinasema mke au mtoto aliyetolewa kwa sababu ya deni atatumika miaka 3, na mwaka wa 4 ataachiwa huru.

Kuna wafalme wa Babeli waliokwenda mbali zaidi, wakafuta madeni kwa amri. Amri ya Ammi-saduqa, aliyetawala takriban karne moja baada ya Hammurabi, imetufikia. Iliwapa nafuu waliokopa ili waishi. Mikopo ya biashara haikuguswa. Kwa maoni yangu, huo ulikuwa utawala uliojua vizuri kwamba mkulima akifilisika, mfalme naye hukosa kodi na askari.

Athens ilifikia hatua hiyo mwaka 594 KK, Solon alipopewa madaraka ya kupatanisha matajiri na maskini. Alifuta madeni, akang'oa mawe yaliyosimikwa mashambani kama alama za deni, akapiga marufuku mtu kuwekwa rehani mwili wake. Katika shairi lake mwenyewe anasema aliwarejesha hata waliouzwa ng'ambo, ambao kwa kutangatanga walikuwa wameacha kusema lugha ya kwao.

Hapo ndipo jamii hizi zinapoachana. Babeli, msamaha ulitoka kwa mfalme, na deni likirundikana tena watu walisubiri amri nyingine. Athens, katazo la Solon lilibaki kuwa haki ya raia, tena raia yeyote aliweza kumshtaki aliyemdhulumu mwenzake. Ni hatua kubwa mno, na naiheshimu.

Lakini haki hiyo ilikuwa ya raia tu. Athens iliendelea kununua watumwa kutoka nje, wakiwemo Wathrakia, na wengi waliishia kuchimba fedha katika migodi ya Laurion. Mwanamke wa Athens, hata aliyezaliwa na raia, kisheria hakuweza kufunga mkataba unaozidi thamani ya medimno moja ya shayiri, yaani takriban lita 52. Zaidi ya miaka 1,000 kabla yake, katika mji wa Sippar huko Mesopotamia, wanawake wa hekalu la Shamash walioitwa naditu walinunua nyumba na mashamba, wakakopesha fedha na kufungua kesi kwa majina yao wenyewe.