Bomba jembamba haliongezi presha

"Weka bomba dogo, presha itapanda." Maneno haya nayasikia kwa mafundi, na nayasikia pia kwa wanafunzi wa uhandisi waliokwisha kufaulu somo la mekanika ya ugiligili. Mwanafunzi ana hoja: mlinganyo wa mwendelezo unasema eneo la bomba likipungua, kasi ya maji inaongezeka. Ni kweli, ilimradi kiasi cha maji kinachopita kila sekunde kibaki kilekile. Sasa kwa tangi la nyumbani, nani kakuhakikishia kwamba kitabaki?

Chukua tangi ambalo uso wa maji yake uko mita 6 juu ya koki ya bafuni. Koki ikiwa imefungwa, kanieneo (yaani presha) pale ni densiti mara mvutano wa dunia mara kimo: 1,000 × 9.81 × 6, yaani paskali 58,860. Ujazo wa tangi haumo kabisa kwenye hesabu. La lita 500 na la lita 5,000 ni sawasawa, kimo cha maji kikilingana.

Fungua koki. Tuseme bomba lina kipenyo cha ndani cha milimita 20, urefu wa mita 30, na maji yanakwenda mita 1 kwa sekunde, kama lita 19 kwa dakika. Namba ya Reynolds, kipimo cha kama mtiririko ni tulivu au umevurugika, inakuja takriban 20,000. Osborne Reynolds mwenyewe, kule Manchester, mwaka 1883 alionyesha kwa uzi wa rangi ndani ya bomba la kioo jinsi mtiririko tulivu unavyovurugika ghafla kasi ikizidi. Siku hizi mpaka huo tunauhesabu karibu na 2,300. Sisi tumeupita mbali. Kanuni tamu za mtiririko tulivu ziache darasani, tumia Darcy-Weisbach, kanuni ya kuhesabu presha inayopotea kwa msuguano ndani ya bomba. Kwa kizigeu cha msuguano cha 0.026, bomba letu linakula presha ya mita 2 kati ya zile 6 za kimo. Si mbaya.

Sasa msikilize fundi, weka bomba la milimita 15 na udai lita zilezile 19. Kasi inafika mita 1.8 kwa sekunde, na msuguano unataka karibu mita 7.7. Hatuna! Kipenyo kimepungua kwa robo tu, lakini kwa mtiririko uleule kinaingia kwenye hesabu kwa kipeo cha tano, ndiyo maana hasara imekaribia mara nne. Lita hizo hazitafika. Maji yatapungua mpaka msuguano utoshe ndani ya mita zilizopo.

Na kidole kwenye mdomo wa mpira wa kumwagilia, mbona maji yanaruka mbali? Kidole kinabana mwisho tu. Maji yanayopita yanapungua, msuguano kwenye mpira mzima unashuka, presha iliyookolewa inageuka kuwa kasi pale mdomoni. Yanaruka mbali, ndiyo, lakini jaribu kujaza ndoo hivyo uone utakavyokawia.

Kwa hiyo ukiitwa kwenye nyumba yenye maji dhaifu, funga geji ya presha karibu na koki na usome mara mbili: kila kitu kikiwa kimefungwa, kisha koki mbili zikiwa wazi. Geji ikiporomoka sana, tatizo ni bomba, au kuna valvu iliyofunguliwa nusu. Ikiwa ilikuwa chini tangu mwanzo, inua tangi au nunua pampu.