Swichi Inayokula Kuliko Taa

Mwenye nyumba inayotumia umeme wa jua alinipigia simu asubuhi, betri ikiwa imeisha baada ya siku tatu za mawingu. "Fundi, jana tumezima taa mapema kabisa. Huu umeme umekwenda wapi?" Nilikuwa nimemfungia taa 8 za LED za volti 12, kila moja wati 4, zote zikiwashwa na kuzimwa kwa simu. Nilikwenda na mita, nikazima kila taa, nikaunga mita kwenye waya wa betri. Mkondo ulikuwa bado unatoka. Betri ilikuwa nzima na hapakuwa na waya uliochunika. Mlaji alikuwa kidhibiti, ile bodi inayopokea amri za simu, nilichokifunga kwa mikono yangu.

Hesabu yake iko hivi. Bodi ya kidhibiti, ikiwa na redio ya Wi-Fi iliyo macho muda wote, ilivuta karibu miliampea 100 kutoka kwenye betri. Hiyo ni wati 1.2, na kwa saa 24 ni karibu wati-saa 29. Sehemu kubwa ya umeme huo ilipotea kama joto, kwa sababu nilishusha volti 12 hadi 5 kwa kirekebishi cha kawaida ambacho huchoma tofauti yote. Juu yake kulikuwa na relei 8, yaani swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme, moja kwa kila taa. Koili, yaani waya wa sumaku hiyo, ya relei ndogo ya volti 12 huvuta kama miliampea 30 muda wote ambao taa inawaka. Kwa wastani wa saa 2 kila taa, zote nane zinafika karibu wati-saa 6. Jumla ni karibu 35. Kwa umeme huo taa moja ya wati 4 ingeangaza kwa karibu saa 9. Taa zote za nyumba ile, kwa wastani huo huo wa saa 2, zilihitaji 64.

Kwenye nyumba yenye umeme wa gridi hakuna anayeliona jambo hili. Kwenye nyumba inayoishi kwa paneli na betri, kila miliampea inayovuja usiku kucha ni lazima jua liirudishe kesho yake, na jua la kesho hujalishika mkononi.

Tangu siku ile nimehamia kwenye relei za kushikilia, zile ambazo koili hupewa umeme kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha relei inabaki ilipo bila kuvuta chochote mpaka uiguse tena. Nazikusanya zote kwenye boksi moja karibu na betri, na ukutani naweka vitufe vya kubonyeza na kuachia. Kitufe hakibebi mkondo wa taa, kinapeleka ishara tu, kwa hiyo waya wake unaweza kuwa mwembamba kama wa simu. Ukitaka taa ya ngazi iwashwe chini na izimwe juu, unaongeza kitufe kingine sambamba na cha kwanza, na cha tatu kando ya kitanda ukipenda. Umbali wa kitufe hauna madhara kwa mwanga.

Umbali wa taa ndio wenye madhara. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5 una ukinzani wa karibu omu 0.012 kwa kila mita, na mkondo lazima uende na urudi. Taa zinazovuta ampea 4 zikiwa mita 15 kutoka kwenye betri hupoteza volti 1.4 njiani. Kwa mfumo wa volti 12 hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi. Ukiuzungusha mkondo huo huo kwanza hadi swichi ya mlangoni ndipo uende kwenye taa, umeongeza mita nyingine za hasara. Taa hizo hizo kwenye volti 24 zinavuta ampea 2 tu, na hasara inashuka hadi volti 0.7 kati ya 24. Ndiyo maana nyumba kubwa naifunga kwa volti 24 hata kama paneli ni chache.

Lakini volti zikipanda, swichi nayo inabadilika tabia. Umeme wa gridi wa hezi 50 (AC) hubadili mwelekeo na hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, hivyo cheche inayozuka swichi inapokata huzimika yenyewe. DC, umeme wa betri na paneli unaokwenda upande mmoja tu, haipiti sifuri. Cheche ikishashika huendelea kuunguza vyuma hadi nafasi kati yake iwe pana kiasi cha kuishinda. Kwenye volti 12 na ampea moja au mbili, swichi ya ukutani ya kawaida huvumilia. Kwenye volti 24 naangalia kwa makini, na kwenye 48 swichi isiyoandikwa kiwango chake cha DC siifungi hata nikibembelezwa. Soma ubavuni mwa relei: nyingi ndogo huandikwa ampea 10 kwa volti 250 za AC, na ampea hizo hizo 10 kwa volti 30 tu za DC. Fyuzi ni hivyo hivyo, iwe ya DC, na ikae karibu kabisa na chanya ya betri, maana kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi.

Wapo wanaopenda mosfeti, swichi za kielektroniki zisizo na vyuma vinavyosogea, badala ya relei, nami nazitumia pale ninapotaka kupunguza mwanga. Angalia mambo mawili. Mosfeti nyingi zinataka volti 10 kwenye geti, mguu wa kupokea amri, ili zifunguke sawasawa, na ukizipa 3.3 kutoka kwenye kidhibiti zinafunguka nusu na kuchemka. Pili, mchoro rahisi unaosambazwa kila mahali hukata upande wa hasi. Taa inazimika, lakini waya wa chanya unabaki na umeme hadi mwisho wake, ndani ya dari. Mimi nakata chanya, hata kama inanigharimu vipuri viwili zaidi.

Na betri ya "volti 12" haikai kwenye 12. Ya asidi hushuka hadi karibu 10.5 ikiisha na hupanda hadi 14.4 ikichajiwa. Utepe wa LED wa bei rahisi una LED tatu na kizuizi kimoja (rezista, kipuri cha kupunguza mkondo) kwa kila kipande. LED zinachukua kama volti 9.5, kizuizi kinabeba zinazobaki. Kutoka volti 12 hadi 14.4, mzigo wa kizuizi unakaribia mara mbili, na mkondo nao vivyo hivyo. Utepe unang'aa sana mchana wa jua kali, kisha unakufa kabla ya wakati. Nunua taa iliyoandikwa inakubali volti 10 hadi 30.

Nyumba ile niliifunga upya bila kudai malipo. Kidhibiti sasa kinalala na kuamka kitufe kinapobonyezwa, kirekebishi ni cha aina isiyochoma, na mita inasoma miliampea 3, yaani chini ya wati-saa 1 kwa siku. Betri ya asidi ikishuka hadi volti 12, taa za nje zinajizima zenyewe kwanza. Kwa betri ya lithiamu nisingetegemea volti, kwa kuwa hazionyeshi mabadiliko hadi mwisho kabisa. Ningeweka kifaa cha kuhesabu ampea zinazoingia na kutoka. Taa ya choo na ya ngazi sikuziunga kwenye kidhibiti. Zina swichi ya mkono na fyuzi yake, basi.