Majibu ya MRI ya kiuno: tunachoandika na tunachomaanisha

Wagonjwa wengi hufungua bahasha ya majibu ya MRI, kipimo kinachotumia sumaku kupiga picha za ndani ya mwili, wakiwa bado kwenye korido. Karatasi iko kwa Kiingereza, imejaa herufi na namba, na kabla hawajamfikia daktari aliyewatuma wameshapiga simu kwa ndugu wawili watatu na kutiwa hofu ya kupooza. Mimi ni daktari wa radiolojia, na karatasi hizo naziandika mimi na wenzangu. Mengi yanayowatisha wagonjwa humo hayatutishi sisi tunaoyaandika, na naona ni haki yenu kujua sababu.

Kiunoni kuna pingili tano, L1 mpaka L5, zimekaa juu ya mfupa mpana wa nyuma ya nyonga unaoanzia S1. Kati ya pingili na pingili kuna diski: duara la nyuzi ngumu lenye ute mzito katikati, na sehemu kubwa ya ute huo ni maji. Ripoti ikitaja L4/L5, inazungumzia diski iliyo kati ya pingili hizo mbili. Diski mbili za chini kabisa, L4/L5 na L5/S1, hubeba mzigo mkubwa kuliko nyingine, kwa hiyo usishangae kuziona zikitajwa karibu kila ripoti.

Kwenye picha tunazozitegemea zaidi, maji hung'aa meupe. Diski ya kijana ina weupe katikati. Iliyopungukiwa maji inageuka nyeusi, na hapo tunaandika "desiccation" au "degenerative changes". Diski ikitanuka kidogo kuizunguka pingili tunaandika "bulge". Ikijitokeza sehemu moja, "protrusion". Ute ukipenya nyuzi na kumwagika nje, "extrusion". Mtaani yote manne huitwa "diski imetoka" au "pingili zimesagika", na mtu mwenye diski iliyokauka tu anaanza kuishi kama mwenye ile iliyopasuka.

Mwaka 1994 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa MRI za watu 98 wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Asilimia 52 walikuwa na "bulge" angalau sehemu moja, na asilimia 27 walikuwa na "protrusion". Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti 33 za namna hiyo, jumla ya watu 3,110 wasioumwa. Diski zilizochakaa zilionekana kwa asilimia 37 ya wenye miaka 20, na kwa asilimia 96 ya wenye miaka 80. Na watu hao mgongo haukuwa ukiwauma. Kwa hiyo ninapoandika kwamba diski yako imechakaa, nimeeleza nilichokiona. Sijasema kwamba maumivu yako yanatoka hapo.

Dereva mmoja wa malori ya Tunduma aliniletea ripoti aliyoipigia mstari kwa kalamu nyekundu kila palipoandikwa "degenerative". "Dokta, nimeambiwa mgongo umeoza." Alikuwa ameacha kazi, amejifunga mkanda wa kiunoni mchana kutwa, na hata ndoo ya maji aliogopa kuinua. Maumivu yake yalikuwa kiunoni tu. Miguu ilikuwa na nguvu, haina ganzi. Nikamvutia kiti mbele ya skrini. Diski tatu nyeusi, ni kweli. Lakini mishipa ya fahamu ilikuwa inaelea kwenye maji yake meupe, nyuzi moja moja, hakuna kilichoigusa. Aliitazama muda mrefu, kisha akauliza kama anaruhusiwa kutembea. Sio tu anaruhusiwa: kutembea na mazoezi ya fiziotherapia ndiyo tiba yake, na kulala kitandani siku nyingi kungezidi kumdhoofisha.

Picha inapata maana ikilinganishwa na mguu. Diski ya L4/L5 ikibana mshipa, mara nyingi ni mshipa wa L5: ganzi au moto hushuka mpaka juu ya unyayo, na kidole gumba cha mguu hupungukiwa nguvu ya kuinuka. Ya L5/S1 hugusa mshipa wa S1: maumivu hupita nyuma ya paja mpaka kisigino na kidole kidogo, na kusimama kwa ncha za vidole kunakuwa kazi. Kama ripoti inasema mshipa umebanwa kushoto na wewe unaumwa mguu wa kulia, usikubali kupasuliwa kwa sababu ya karatasi hiyo. Na hata diski iliyotoka kweli, mwili wenyewe una uwezo wa kuila pole pole. Zile zilizomwagika zaidi ndizo zenye nafasi kubwa ya kunywea ndani ya miezi kadhaa.

Yapo yanayonifanya niinue simu kumtafuta daktari aliyemtuma mgonjwa. Kwetu la kwanza ni kifua kikuu cha mgongo. Hula diski pamoja na pingili za juu na chini yake, huacha usaha pembeni, na mgongo unaweza kupinda kuwa kibyongo. Mgonjwa anaweza asikohoe kabisa. Anakuja na maumivu ya mgongo, kupungua uzito na jasho la usiku. Dawa zipo, na mapema ndiyo salama ya miguu yake. Kwa wanaokunywa maziwa mabichi naifikiria bruselosi, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo. Kwa mzee mwenye saratani ya tezi dume, au mama aliyewahi kutibiwa saratani ya titi, naangalia kama saratani imefika mfupani.

Haya usiyasubirie foleni ya picha: mkojo kugoma kutoka au kujitokea wenyewe, ganzi sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, miguu yote miwili kulegea. Hiyo ni hospitali leo leo, hata kama ni usiku.

Ombi langu kwa wanaotumwa kupiga picha: fomu nyingi zinanifikia zimeandikwa "maumivu ya mgongo", basi. Mwombe daktari aandike mguu upi, ganzi iko wapi, imeanza lini, na kama umewahi kuugua kifua kikuu au saratani. Nikijua hayo najua pa kukazia macho. Picha za zamani njoo nazo, na ukiondoka omba CD, kwa sababu daktari wa upasuaji atataka kuona picha zenyewe.