ʻEa si ea: ugonjwa wa kinywa cha mtoto katika tiba ya Hawaii

ʻEa, katika tiba ya asili ya Hawaii iitwayo lāʻau lapaʻau, ni ugonjwa wa watoto wadogo: ulimi hufunikwa na utando mweupe, na pengine koo huuma. Neno hilo hutumika pia kwa maambukizi kwa jumla. Maana yake ndiyo hiyo. Tatizo ni alama ya mwanzo (ʻ): ikiachwa, neno lililobaki linaweza kufasiriwa kuwa “uhai”, kana kwamba Wahawaii walikuwa na “dawa ya uhai” ya watoto.

Ea bila alama ni neno jingine kabisa. Ni pumzi, ni uhai, na ni mamlaka ya nchi. Ndilo limo katika kauli ya Mfalme Kamehameha III ya mwaka 1843, aliporudishiwa ufalme wake baada ya Waingereza kuushika kwa miezi mitano: Ua mau ke ea o ka ʻāina i ka pono, yaani mamlaka ya nchi hudumu katika haki. Hapo hapana mtoto mgonjwa.

Alama ile huitwa ʻokina, nayo ni konsonanti kamili. Koo hujifunga kidogo kabla ya irabu. Sisi tulio na ng'oa na ngoa tusingepaswa kuidharau. Kung'oa ni kutoa kitu na mizizi yake, ngoa ni wivu. Kwa kawaida ʻokina hukaa pale ambapo Kimaori, lugha ndugu ya New Zealand, hutamka k: samaki ni ika kwa Kimaori, iʻa kwa Kihawaii, mti ni rākau, kwa Kihawaii lāʻau. (Lāʻau ni mti na ni dawa pia, kama tunavyosema mitishamba.) Ukiifuta ʻokina umefuta herufi, na anayesoma hawezi kukisia ipi. Hata ʻea yenyewe ina maana ya pili: ng'amba, kasa yule wa magamba ya thamani.

Kosa lina chanzo chake. Magazeti na vitabu vya Kihawaii vya karne ya 19 kwa kawaida havikuchapa ʻokina, kwa kuwa wasomaji wake walijua neno kwa muktadha. Anayenakili leo hana muktadha huo.

Dawa yenyewe inayojulikana zaidi ni utomvu wa kukui, mti wenye kokwa za mafuta. Tunda bichi la kijani huchumwa, utomvu hutoka pale kikonyo kilipokatika, na hupakwa kwa kidole juu ya utando. Ni utomvu, si kokwa. Kokwa mbichi ya kukui huharisha vikali, na mtoto mchanga hupoteza maji upesi; aliyesoma “kukui kwa watoto” akasaga kokwa amefanya jambo la hatari. Kwa choo kigumu cha mtoto walitumia maji ya maua ya ʻilima, kichaka cha maua ya manjano, ambayo huharisha kwa upole. Udhaifu wa mtoto anayekonda una jina lake, pāʻaoʻao, nao si ʻea ingawa mara nyingi hutajwa pamoja.

Zahanati ingeuita utando huo fangasi wa kinywa. Maziwa yaliyoganda ulimini hufutika kwa kitambaa safi. Fangasi hung'ang'ania, na ukiubandua utando unaacha wekundu. Hutibiwa kwa matone ya nistatini baada ya kunyonya, na chuchu za mama hutibiwa pia, la sivyo wataambukizana tena. Utando ukirudi mara kwa mara, au mtoto akikataa kunyonya, apimwe kinga yake ya mwili.

Basi ukikosa ʻokina kwenye kibodi, tumia alama ileile ya ng': andika 'ea. Na ukifasiri dawa ya ʻea, andika “dawa ya utando wa kinywa cha mtoto”.