Laki sita, sebule ya vigae na sabufa ya wati elfu kumi

Mwezi uliopita dada mmoja wa Tabata alinipigia simu. "Fundi, hii sabufa mpya inatikisa vikombe kabatini, lakini watu wakiongea kwenye TV siambulii neno." Nilicheka kidogo. Katika kazi yangu ya kufunga muziki majumbani hakuna lalamiko ninalolisikia kama hilo, na mara nyingi anayelileta bado ana risiti mfukoni.

Nilipofika sikuwasha kitu, nilianza kwa kugeuza boksi. Mbele pameandikwa kwa rangi ya dhahabu: wati 10,000 PMPO. Nyuma, pale waya wa umeme unapoingilia, kuna kibandiko kidogo: 220-240V, 50Hz, 60W. Mimi nasoma hicho cha nyuma. Mashine inayovuta wati 60 kwenye soketi itazitoa wapi elfu kumi? Debe la mahindi halitoi gunia la unga. Na hata hizo 60 hazifiki zote kwenye spika, kwani amplifaya za aina ya zamani hupoteza karibu nusu kama joto. PMPO, eti nguvu ya kilele ya kufumba na kufumbua, haina kipimo kinachokubalika, kila kiwanda kinajipigia hesabu yake. Tafuta RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaitoa mfululizo bila kukwaruza.

Wala usiidharau namba ndogo. Kwa sebule ya mita nne kwa nne, wati 30 za kweli kila upande zinatosha mpaka jirani aje kubisha hodi. Sikio letu ni gumu: ili lione sauti imekuwa kubwa maradufu, nguvu inabidi iongezwe kama mara kumi. Kwa hiyo anayekutoza zaidi kwa sababu hii ina 50 na ile ina 40, anakuuzia tofauti ambayo hutaisikia.

Yule dada alikuwa na laki sita kabla ya kwenda Kariakoo. Angeniita mapema ningemuuliza swali moja tu: mnaangalia nini? Maana 5.1, ile ya spika tano na sabufa, ina maana pale tu filamu yenyewe imebeba njia sita za sauti. Filamu nyingi za Netflix zinabeba. Lakini zile za kutafsiriwa, DJ anapopaza sauti juu ya waigizaji, zikifika kwenye flashi kwa kawaida zina njia mbili tu, kushoto na kulia. Ukiwa na spika tano, zile tatu zitakuwa zinabahatisha. Ndiyo maana mwenye laki sita namshauri anunue spika mbili nzuri za mbele na amplifaya yenye nafasi ya kuongeza nyingine baadaye. Laki sita ukizigawa kwa spika tano na sabufa, kila moja inapata makombo.

Ukipata hela tena, ongeza spika ya kati kwanza. Kwenye 5.1 mazungumzo karibu yote hupita hapo. Za nyuma ni za mvua na risasi, zinaweza kusubiri.

Amplifaya ya mtumba siikatai, nyingi ni imara kuliko mpya za bei hiyo. Ila soma volti kabla ya mkono kufika kwenye soketi. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani ni 100V, za Marekani ni 120V, na yetu ni 230V. Nimeshaletewa moja ikiwa bado inanuka moshi, mwenyewe anasema "niliiwasha mara moja tu". Kwenye spika za mtumba, bonyeza taratibu ule mkanda wa sponji unaozunguka karatasi ya spika. Joto na unyevu wa pwani huula, na ukikuachia ungaunga kidoleni, rudisha spika na uage vizuri. Waya nao ukwaruze kwa kisu: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa. Itafanya kazi, ila usilipie bei ya shaba.

Kuunganisha na TV ni rahisi. Nyuma ya TV tafuta tundu la HDMI lililoandikwa ARC, ndilo linalotoa sauti ya TV kwenda kwenye amplifaya, na amplifaya nayo iwe nalo. Hapo rimoti moja inatosha. Bluetooth iache kwa muziki wa kupikia, kwenye filamu mdomo hutangulia na neno likafuata.

Turudi Tabata. Spika mbili ndogo zilikuwa juu ya kabati, zinahutubia dari. Sabufa ilisukumwa kwenye kona, na kona huikuza besi mpaka inameza kila kitu. Vigae chini, ukuta mtupu, madirisha hayana pazia zito, neno moja linarudi mara tatu kabla halijafika kwenye kochi. Halafu nikatoa betri ya rimoti, ya volti 1.5. Ukichomoa waya za spika na kuzigusisha kwenye betri sekunde moja, karatasi inaruka: chanya kwa chanya, inatoka nje. Ya kulia ilitoka. Ya kushoto ikaingia ndani. Aliyefunga alipishanisha nyekundu na nyeusi, kwa hiyo spika moja ilikuwa ikisukuma hewa huku mwenzake anavuta. Zikiwa hivyo, sauti ya mtu inayotakiwa isimame katikati ya TV inapasuka, humjui anaongea upande gani.

Nilizirudishia waya, nikazishusha kwenye stuli mbili hadi usawa wa masikio ya aliyekaa, umbali kati yake ukiwa sawa na umbali wa kila moja hadi kwenye kochi. Sabufa nikaivuta kutoka konani, besi nikaipunguza zaidi ya nusu. Dada akanuna: "Sasa si imekuwa kama redio?" Nikamwomba zulia la chumbani tulitandike pale, anipe dakika tano.

Ilikuwa saa ya tamthilia ya Kituruki, ile ya kuingizwa sauti za Kiswahili. Bibi yake alikuwa kwenye mkeka anachambua mchele. Wiki nzima alikuwa akiitazama bila kuuliza kitu. Akaacha ungo, akatugeukia.

"Ala! Kumbe huyu ndiye aliyemchoma mwenzie?"

Dada akasema sabufa iachwe hapo hapo.