Mpasuko wa Ardhi Si Bomba la Magma

Volkano yoyote ikianza kutikisika, mchoro unaosambaa ni uleule: ziwa jekundu la magma, yaani mwamba ulioyeyuka, chini ya mlima, na mpasuko wa ardhi, yaani ufa ambao miamba ya pande zake huweza kuteleza, unaosubiri kulifungulia njia. Mchoro huo una makosa karibu kila mahali, na kinachotuonyesha hivyo ni mawimbi ya matetemeko yenyewe.

Dhana: Chini ya volkano kuna ziwa la mwamba ulioyeyuka.

Sehemu kubwa ya hifadhi ya magma ni fuwele za moto, na kimiminika kimejipenyeza katikati yake kama maji kwenye mchanga uliolowa. Kule kwenye volkano ya Yellowstone, Marekani, picha za mwaka 2015 zilizochorwa kwa mawimbi ya matetemeko zilikadiria kuwa hifadhi ya juu ina kimiminika cha asilimia 9 hivi. Uchambuzi wa 2022 ukapandisha makadirio hadi kati ya 16 na 20. Kwa kawaida huhitajika asilimia 35 hadi 50 ndipo mchanganyiko huo uweze kutiririka na kulipuka.

Dhana: Picha ya mitetemo ni kama eksirei, penye rangi nyekundu ndipo penye magma.

Kinachopimwa ni muda. Wimbi huanzia kwenye tetemeko, au kwenye hewa iliyobanwa inayofyatuliwa na meli baharini, hupita kwenye miamba na kufika kwenye kipimamitetemo. Likichelewa, limepita mahali panapopunguza kasi. Kompyuta huchukua maelfu ya njia zinazokatana na kutafuta ramani ya kasi inayolingana nazo zote. Nyekundu kwenye ramani hiyo humaanisha "polepole" tu, na wimbi hucheleweshwa na mengi: joto, magma, maji, gesi, hata mwamba uliovunjwavunjwa na mipasuko.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kisiwa cha volkano cha Santorini, Ugiriki. Mwaka 2015 watafiti walitandaza vipimamitetemo karibu 90 kwenye sakafu ya bahari na vingine zaidi ya 60 nchi kavu. Upande wa kaskazini wa kaldera, yaani shimo kubwa linalobaki volkano inapoporomoka, walikuta nguzo ya mwamba unaopunguza kasi ya mawimbi, yenye upana wa kilomita 3 hivi, ikishuka hadi kina cha kilomita 3. Mwenye haraka angesema ni magma. Wao waliitafsiri kuwa ni mwamba uliopondeka kaldera ilipoporomoka katika mlipuko mkubwa wa Enzi ya Shaba Nyeusi (bronzi). Lakini chini ya eneo hilohilo, kwenye kina cha takriban kilomita 4, ndipo magma mpya ilipoingia mwaka 2011 na 2012 na kuinua ardhi. Uharibifu wa kale unaelekea bado kuamua magma itulie wapi.

Ili kutofautisha visababishi, hulinganishwa mawimbi ya P, yanayobana na kuachia mwamba, na ya S, yanayoutikisa kando. Kimiminika hupunguza zaidi kasi ya mawimbi ya S, ilhali gesi hupunguza zaidi kasi ya yale ya P.

Dhana: Magma hupanda kwa kufuata mpasuko ulio wazi.

Hapa ndipo wengi hupotea, hata waliosoma jiografia vizuri. Kilindini mpasuko haukai wazi, kwa kuwa uzito wa miamba huubana. Magma hupasua njia yake yenyewe, ikajisimamisha kama ukuta mwembamba na kuusukuma mwamba kuelekea upande ule ambao mgandamizo ni mdogo zaidi. Mchango mkubwa wa mpasuko ni kubadili mgandamizo huo: ukiteleza, hupunguza mbano upande mmoja na kuuongeza upande mwingine.

Julai 2007, karibu na Ziwa Natron nchini Tanzania, mpasuko uliteleza polepole kwanza, kisha ukuta wa magma wenye urefu wa kilomita 7 hivi ukajipenyeza chini ya ardhi bila kufika juu. Septemba, volkano ya Ol Doinyo Lengai iliyo jirani ikaanza kulipuka. Mambo hutokea pia kinyume: katika eneo la volkano la Dabbahu, Ethiopia, mwaka 2005, magma ilipasua ardhi kwa kilomita 60 hivi, na mipasuko ya juu ikateleza kwa sababu yake.

Dhana: Tetemeko kubwa huamsha volkano.

Mara nyingine, ndiyo. Saa 38 baada ya tetemeko la Chile la 1960, volkano ya Cordón Caulle nchini humo ililipuka. Lakini baada ya tetemeko la Japani la 2011, volkano ya Fuji ilibaki kimya, na maeneo kadhaa ya volkano nchini humo yalididimia kwa sentimita kadhaa.

Dhana: Picha nzuri itatupa tarehe ya mlipuko.

Haitatupa, kwa sababu huonyesha hali ya miamba na haina saa ndani yake. Inachotupa ni uwezo wa kuweka kila tetemeko mahali pake halisi. Mwanzoni mwa 2025 ardhi ilitikisika mfululizo kati ya Santorini na kisiwa cha Amorgos, na maelfu ya watu wakaondoka. Hofu kubwa ilikuwa kwamba mpasuko mkubwa ulikuwa ukijiandaa kuteleza, kama ilivyotokea katika tetemeko la 1956. Matetemeko yalipopangwa upya kwa usahihi, yalichora ukuta wa magma uliokuwa ukisafiri chini ya bahari, ukitelezesha mipasuko midogo kila ulipopita. Haukufika juu.