Kumcha Mungu mbele ya kiziwi

Ukimtukana kiziwi, hasikii. Ukimwekea kipofu gogo njiani akajikwaa, hatajua nani kaliweka. Walawi 19:14 inakataza yote mawili, na badala ya kutaja viboko au faini inasema tu: umche Mungu wako. Nafundisha Agano la Kale, na nikiulizwa kumcha Mungu ni nini, siendi kwanza Mithali wala mlima Sinai. Naanza na huyo kiziwi.

Wengi tulilelewa tukijua kwamba kicho ni mambo ya ndani ya kanisa: vua kofia, tema chingamu, usigeuke nyuma. Ukicheka wakati wa sala, mama anakufinya bila kufumbua macho. Sina ugomvi na hayo. Nimefinywa sana na bado nipo. Ila tazama Walawi inapoyarudia maneno yale yale. Msimamie mzee mwenye mvi, umche Mungu wako (19:32). Msipunjane mnapouziana shamba (25:17). Usimtoze riba ndugu aliyefilisika (25:36). Usimtawale mtumishi kwa ukali (25:43). Kote huko kuna mwenye nguvu na asiye na nguvu, na mara nyingi huyo wa pili hana hata pa kushtaki.

Rashi, mfafanuzi wa Kiyahudi aliyefariki 1105, alifuata marabi waliomtangulia akasema mambo ya namna hii yamekabidhiwa moyo. Aliyefanya anaweza kujitetea kwamba nia yake ilikuwa njema, na nani atambishia? Ndiyo maana andiko linamtaja Mungu, ajuaye kilichokuwa moyoni.

Sokoni ninakonunua maharage niliwahi kuona makopo mawili kwenye meza moja. La kwanza zima. La pili kitako chake kimebonyezwa kwa ndani, kiasi cha ngumi ya mtoto, na ukilitazama kwa juu limejaa mpaka linamwagika. Mtu mzima akija, linashikwa la kwanza. Akija mtoto aliyetumwa, mkono unalifuata la pili lililo nyuma ya gunia. Redio pembeni ilikuwa ikipiga mapambio, na muuzaji akiitikia, tena kwa sauti nzuri.

Sasa neno lenyewe. Kiebrania kina kitenzi kimoja, *yare*, cha kumwogopa simba na cha kumcha Mungu. Katika Kutoka 20:20 Musa anawaambia watu wasiogope, na hapo hapo anasema hofu ya Mungu iwe mbele yao wasitende dhambi. Shina ni lile lile, na kwa msomaji wa tafsiri nyingi hiyo ni kama kujipinga. Sisi wa Kiswahili tuna bahati ya kuwa na maneno mawili, -ogopa na -cha. Anayeogopa hukimbia, anayecha hubaki, ila anajua yuko mbele ya nani. Halafu -cha ndiyo iliyozaa chelea, ile ya mchelea mwana kulia hulia yeye. Mzazi yule hamwogopi mtoto kama anavyoogopa chui. Hataki tu kumuumiza. (Kwamba methali inamcheka ni habari nyingine.) Thomas wa Akwino, mwanateolojia Mkatoliki wa karne ya 13, alizitenga hofu mbili: ya mtumwa anayeogopa adhabu, na ya mwana anayeogopa kumkosea baba na kutengana naye. Bila hiyo ya pili, Zaburi 130:4 haisomeki: kwa Mungu kuna msamaha, ili aogopwe. Nani humwogopa mtu kwa sababu amesamehewa? Mwana tu.

Darasani namalizia na Shifra na Pua, wakunga wa Kutoka 1. Farao kawaagiza wawaue watoto wa kiume wa Waebrania pale pale wanapozaliwa. Pima hali yao: mfalme anaweza kuwakata vichwa, kichanga hakiwezi hata kusema. Andiko linasema walimcha Mungu, wakawaacha watoto hai. Hakuna lililosemwa juu ya sala zao wala mavazi yao. Wakaitwa kwa Farao kujieleza, wakamjibu kwamba wanawake wa Kiebrania wana nguvu, hujifungua kabla mkunga hajafika. Wanafunzi hubishana mpaka kengele inalia kama ule ulikuwa uongo. Mimi huwasomea tu mstari unaofuata, kwamba Mungu akawatendea mema wale wakunga, kisha nafunga kitabu.